Kupima Bamba la Nyuzi kwa Pigo la Uzito Unaodondoshwa

Bamba la chuma likigongwa hubonyea, na kila mtu akaona. Bamba la nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini (gundi iliyoganda) huficha: uso uliopigwa unaweza kubaki na alama ndogo kama ya ukucha, ilhali ndani matabaka yamekwisha kuachana na upande wa nyuma nyuzi zimekatika. Kwa hiyo panga jaribio lako ukijua kwamba uso wa mbele ndio shahidi dhaifu kuliko wote.

Kiwango cha ASTM D7136, cha shirika la viwango la Marekani kwa jaribio hili, kinataka bamba la milimita 100 kwa 150, lenye unene wa takriban milimita 5. Likate kwa msumeno wa almasi, kwa sababu meno makubwa hubandua matabaka kingoni, na baadaye hutaweza kutofautisha jeraha la msumeno na jeraha la pigo. Pima unene mahali kadhaa, kisha lilaze juu ya fremu yenye uwazi wa milimita 75 kwa 125 na ulibane kwa vibanio vinne vyenye ncha za mpira.

Uzito unaodondoshwa ni wa kilo 5.5, na kichwa chake ni nusu tufe yenye kipenyo cha milimita 16. Nishati ya pigo ni jouli 6.7 kwa kila milimita ya unene; bamba la milimita 5 litapata jouli 33.5. Ukigawanya kiasi hicho kwa 5.5 mara 9.81, unapata kimo cha mita 0.62 hivi, na kasi ya takriban mita 3.5 kwa sekunde. Hesabu hiyo haizingatii msuguano wa reli zinazouongoza uzito, kwa hiyo pima kasi halisi muda mfupi kabla ya kugusana. Uzito ukishadunda, udakwe usitue tena. Bamba lililopigwa mara mbili litupwe, hata kama lilikuwa la mwisho.

Kutafuta kizingiti cha kupenya kunahitaji uvumilivu na mabamba mengi. Ongeza kimo hatua kwa hatua, bamba jipya kila pigo, na kila mara utoe nishati ya kurudi katika nishati ya pigo ili upate iliyomezwa. Kwa mfano, katika pigo la jouli 33.5, uzito uliorudi kwa mita 2 kwa sekunde umeondoka na jouli 11, hivyo bamba limemeza 22.5. Chora grafu ya nishati iliyomezwa dhidi ya nishati ya pigo: pale ambapo viwango hivyo viwili vinalingana, uzito haurudi tena, nao umekwama ndani ya bamba; hicho ndicho kizingiti. Bamba likishatoboka kabisa, mpini wa uzito husuguana na kingo za tundu na kuendelea kupoteza nishati. Usiihesabu kuwa ni uimara wa bamba.

Kina cha kibonyeo kipimwe mara moja, kwa kuwa hupungua kadiri muda unavyopita. Bamba la nyuzi za kioo lielekeze kwenye mwanga, nawe utaona weupe mahali matabaka yalipoachana. La kaboni halipitishi mwanga na linahitaji ultrasaundi. Kugonga kwa sarafu na kusikiliza mlio uliofifia kunasaidia, ingawa hakuoneshi kina cha jeraha. Ndipo bamba lipelekwe kwenye mashine ya kukandamiza, kwa utaratibu wa ASTM D7137, lipimwe nguvu iliyosalia.