Bodoni Moda kwenye kadi ya harusi
Unaposanifu kadi kwa fonti ya Bodoni Moda, linganisha mhimili wa ukubwa wa fonti (namba unayoipanga ili umbo la herufi lifuate ukubwa wake) na pointi, yaani kipimo cha ukubwa, ambazo herufi zitachapwa, kwa kuwa fonti hii ina maumbo ya kuanzia pointi 6 hadi 96, na kadiri namba inavyopungua ndivyo vistari vyake vyembamba kama unywele vinavyonenepa. Majina ya maharusi yakiwa pointi 60, acha wembamba huo ung'ae na ubane kidogo nafasi kati ya herufi. Ukumbi na saa, kwa pointi 9, vishushie namba. Mbinu hii hukwama kwenye maandishi meupe juu ya rangi ya damu ya mzee, ambapo wino husambaa ukameza kistari cha "e" (mimi nilirudishiwa kadi zenye "c" tupu). Hapo shusha namba iwe chini ya pointi utakazochapa.