Kokotoa GPA ya diploma mwenyewe kabla ya kuomba digrii

Mpwa wangu alishuka stendi ya Mkanaledi, Mtwara, kutoka Newala, matokeo ya muhula wa tano yakiwa yamekunjwa mara nne ndani ya pochi. "Mjomba, nina tatu kamili!" Tukaingia steshenari, nikaomba karatasi na kikokotoo. Tulitoka baada ya saa mbili.

Hatua ya 1: Jua unatakiwa nini. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa mwenye diploma ni GPA, yaani wastani wa pointi, ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Kozi nyingine zinataka zaidi. Soma kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huo, siyo picha za WhatsApp.

Hatua ya 2: Geuza gredi kuwa pointi. NTA 6, yaani ngazi ya mwaka wa mwisho wa diploma: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. NTA 4 na 5, ngazi za chini yake, zina skeli yake, A ni 4. Usizichanganye.

Hatua ya 3: Zidisha kwa krediti, yaani uzito wa kila moduli (somo). Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mpwa wangu alikuwa na B+ mbili, B moja na C mbili. Alijumlisha pointi, akapata 15, akagawanya kwa 5. Lakini moduli hazina uzito sawa. B+ zake zilikuwa za krediti 11 kila moja, B ya 14, C za 12 kila moja. Kwa hiyo:

44 + 44 + 42 + 24 + 24 = 178

Krediti zote ni 60. 178 gawanya kwa 60 ni 2.966. Akasema, "Si inakuwa tatu?" Haiwi. GPA inaandikwa kwa desimali moja na zinazobaki zinakatwa, hazikusogezi juu. Ni 2.9. Alinyamaza, akaanza kukunja karatasi upya.

Nikamzuia, kwa sababu hesabu hiyohiyo inafanyika kinyumenyume. Chuoni kwao GPA ya NTA 6 ni mihula ya tano na sita, krediti 120. Ili apate 3.0 anahitaji pointi 360. Anazo 178, zimebaki 182. C moja ya krediti 12 ikipanda kuwa B inaongeza pointi 12, kwa hiyo nguvu aipeleke kwenye moduli nzito. Na asipate sapu (mtihani wa marudio): hata ukiifanya vizuri, gredi inaishia C.

Programu za simu za kukokotoa GPA siziamini. Nyingi zimewekewa skeli ya 4.0 ya Marekani. Tumia daftari.

Hatua ya 4: AVN, namba ya kuthibitisha tuzo yako. Bila namba hii ya NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) huwezi kuomba digrii kwa diploma. Mfumo haukupi kama chuo hakijatuma matokeo yako, kwa hiyo nenda ofisi ya mitihani mapema, usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Hakikisha jina lako linalingana na la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.