Somo: Jina la sura lijiandike lenyewe kwenye kijajuu

Nimeshaulizwa hili faragha mara nyingi mno, na kila mara naandika jibu lilelile. Sasa naliweka hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo, asinune.

Tunachotaka: kila ukurasa uonyeshe juu yake jina la sura, na ukibadilisha jina la sura, kijajuu kifuate bila kukigusa. Natumia Word.

1. Vichwa vya sura vipe mtindo wa Heading 1, vya sehemu ndogo Heading 2.

2. Bofya mara mbili sehemu ya juu ya ukurasa, kijajuu kifunguke.

3. Nenda Insert, Quick Parts, Field. Chagua StyleRef (uga unaonukuu maandishi ya mtindo utakaoutaja), kisha Heading 1. OK.

4. Ukitaka na namba ya sura, rudia hatua ya 3 kabla ya jina, safari hii utie tiki kwenye Insert paragraph number. Hii ni kwa namba zilizowekwa na Word yenyewe. Uliyoichapa kwa mkono ni sehemu ya jina tu.

5. Hapa soma polepole. StyleRef hutafuta kichwa kwenye ukurasa huohuo kwanza. Ikikikosa inarudi nyuma, na huko ikikosa inakwenda mbele. Ndiyo maana ukurasa wa shukrani na wa yaliyomo hujikuta umevaa jina la sura ya kwanza. Dawa yake ni kutenga kurasa hizo: weka kielekezi mwanzoni mwa sura ya kwanza, nenda Layout, Breaks, Next Page; hapo inaanza sehemu mpya. Kisha fungua kijajuu cha SURA YA KWANZA, si cha shukrani, uzime Link to Previous, kile kiungo kinachokifunga na kijajuu cha sehemu iliyotangulia. Ukishazima ndipo urudi nyuma kufuta.

Mimi nilianza kwa kufuta. Nilifuta kijajuu cha shukrani, nikaona pamekuwa safi, nikahifadhi na kuipeleka kazi ikachapwe. Ilirudi imejalidiwa, kurasa 180, haina kijajuu hata kimoja, kwa sababu sehemu zote zilikuwa bado zimefungwa pamoja. Nililipia mara mbili. Na jihadhari: kijachini kina kiungo chake. Kama umewasha Different First Page au Different Odd & Even, ukurasa wa kwanza, wa witiri na wa shufwa kila mmoja una kiungo chake pia. Kagua kimoja kimoja.

6. Pitia kurasa zote kwa macho kabla ya kuchapa.

MASWALI

Mwino Mkavu: Imeniandikia "Error! No text of specified style in document". Somo lako halifanyi kazi.

Jibu: Hatua ya 1.

Mwino Mkavu: Hiyo nimefanya, vichwa vyote vimekolezwa na ni vikubwa.

Jibu: Kukoleza si mtindo. Weka kielekezi kwenye kichwa, tazama pale Home ni mtindo gani umewaka.

Mwino Mkavu: Normal.

Jibu: Basi.

Msomaji wa Usiku: Shukrani mkuu. Nina ukurasa ambao juu unaendelea 2.3, katikati inaanza 2.4. Kijajuu kinasema 2.4. Ni kosa langu?

Jibu: Si kosa lako, na umeangalia vizuri. StyleRef huchukua kichwa cha kwanza kinachoanza kwenye ukurasa, 2.3 ilianzia ukurasa uliopita. Ukiongeza \l kwenye uga, inachukua cha mwisho. Alt+F9 itakuonyesha msimbo, uandike humo humo, kisha F9. Kile kinachoendelea kutoka nyuma Word haina swichi yake. Mimi kijajuu naweka jina la sura peke yake, nalala usingizi.

Uzuri wa \l utauona kwenye kamusi. Tengeneza mtindo wa herufi, tuseme Kidahizo, uvipake vidahizo vyote, yaani maneno yanayofafanuliwa. Kushoto weka StyleRef ya kawaida, kulia yenye \l. Kila ukurasa utaonyesha kidahizo chake cha kwanza na cha mwisho.

Msomaji wa Usiku: Kumbe inakubali mtindo wa herufi! Basi jina refu la sura naweza kulifupisha?

Jibu: Ndiyo. Ndani ya jina lenyewe, paka maneno machache yaliyofuatana kwa mtindo mpya, uuite Kifupi, kisha StyleRef iutazame huo. Ila paka kila sura. Ukiruka moja, itabeba kifupi cha sura iliyotangulia, na hakuna onyo litakalotokea.

Kifutio: Si rahisi kuandika kwa mkono tu?

Jibu: Kwa sura tatu zisizobadilika, andika. Kwa kumi na mbili ambazo msimamizi wako anazipa majina mapya kila akizisoma, karibu hatua ya 1.

Karatasi Tupu: Na LibreOffice?

Jibu: Insert, Field, More Fields, kichupo cha Document, chagua Chapter, matoleo mapya yameandika Heading. Kule kurasa za mwanzo unazipa mtindo wao wa ukurasa, kwa hiyo balaa la hatua ya 5 halipo.

Mwino Mkavu: Sasa majina yametokea. Nikafuta cha kwenye shukrani, vyote vimepotea.

Jibu: Ctrl+Z. Usifunge faili. Hatua ya 5, kuanzia neno la kwanza.