Mashine ya mkono ya kufungia hei: vipimo, kuiunda na kuitumia

Njia rahisi ya kutengeneza marobota ya hei (nyasi zilizokaushwa) inajulikana kwa wafugaji wengi: sanduku la mbao lenye sm 85 × 55 × 45, wazi juu na chini. Unatandaza kamba, unajaza nyasi, mtu anaingia kukanyaga, kisha unafunga na kunyanyua sanduku. Robota hutoka na kilo 20 hivi. Ubaya wake ni mmoja: mkanyagaji akitoka tu, hei inainuka, na wewe unafunga kitu kilichokwisha kulegea.

Mashine ya wenzo, yaani mti mrefu wa kuvuta chini, inaondoa ubaya huo. Si kwamba ina nguvu kuliko mguu. Mtu wa kilo 60 uzito wake wote uko kwenye nyayo mbili, eneo dogo sana. Wenzo wa mashine hii, ukiuvuta kwa kilo 50, unatoa kilo 200, lakini zinagawanyika juu ya ubao wa karibu sm 50 × 40. Kwa kila sentimita ya mraba, mguu bado unashinda. Faida ya wenzo ni kwamba unakandamiza sawasawa na unabaki umekandamiza wakati unafunga. Kwa hiyo anza kupima mianya ya kamba, mengine yafuate. Mashine nyingi za mafundi zimeharibika hapo: sanduku imara, wenzo mzuri, na kamba haina pa kupita.

Vifaa

- Mbao (vipimo ni inchi) 4×2, mita 12. Mbao 6×1, mita 17. Mbao 2×2, mita 12. Mbao 8×2, mita 3. Paini au saiprasi iliyokauka inatosha.
- Mti wa mkaratusi mkavu, mnyoofu, unene sm 10, urefu mita 2.
- Vyuma bapa viwili vya mm 40 × 6, urefu sm 73.
- Bolti za mm 16: moja ya sm 24, mbili za sm 14, zote na washa pana. Bolti nne za mm 12 za kufungia nguzo.
- Bawaba nne nzito, skrubu, mnyororo wa mita moja na nusu wenye ndoana, na kamba.

Msingi na nguzo

Laza mihimili miwili ya 4×2, kila mmoja mita 2.2, ielekee kushoto–kulia, mmoja mbele na mwingine nyuma ya sanduku. Chini yake pitisha vipande viwili vya 4×2 vya sm 60, kimoja upande wa kushoto, kingine mwisho wa kulia. Nguzo mbili za mita 2.1 zisimame katikati ya upande wa kushoto zikiachana sm 11, na zifungwe kwa bolti za mm 12 kwenye kile kipande kilicho CHINI ya mihimili.

Usipuuze hilo. Ukivuta wenzo, hei inasukuma sakafu chini na nguzo zinavutwa juu. Nguzo zikipigiliwa misumari ubavuni mwa sanduku, misumari itang'oka siku chache tu. Kipande kikiwa chini ya mihimili, kinaibana dhidi ya sakafu, na hakuna msumari unaobeba mzigo.

Mwisho wa kulia wa mihimili pigilia ubao wa kusimamia. Mvutaji akisimama juu yake, mashine haiwezi kupinduka. Akisimama ardhini, itainuka upande wa kushoto.

Sanduku

Ndani liwe na upana sm 50, kina sm 40 na urefu wa kwenda juu sm 120. Sakafu ni vipande vitatu vya 8×2 vinavyoelekea mbele–nyuma: sm 13, mwanya 2.5, sm 19, mwanya 2.5, sm 13. Ukuta wa nyuma uwe na mianya miwili kama hiyo kwenye mstari uleule, ya kusimama kutoka chini hadi juu. Mbao za kushikilia ukuta zikae nje, ili kamba ilale ndani ya mwanya bila kunaswa.

Mbele weka milango miwili: wa chini sm 75, ndio urefu wa robota, wa juu sm 45, ndio mdomo wa kujazia. Mlango wa chini ufungwe kwa komeo la 4×2 linalokatiza mlango mzima, kwani kitasa cha kawaida hakivumilii msukumo wa hei. Kuta za pembeni zipanuke kidogo kuelekea mbele: nyuma sm 50, mbele sm 51. Piga randa ndani yote. Sentimita hiyo moja ndiyo inayoamua kama robota litatoka kwa mkono au kwa ugomvi.

Kikandamizio na wenzo

Kikandamizio, yaani ubao unaoshuka kubana hei, kina sm 48 × 38: vipande vya inchi 2 vyenye sm 12, 19 na 12, na mianya ya sm 2.5 inayolingana na ile ya sakafu. Juu yake funga vipande viwili vya 4×2 vilivyosimamishwa na kubanwa pamoja, vikatize kushoto–kulia. Unene wa inchi 2 ndio unaoacha njia ya kamba chini ya vipande hivyo.

Egemeo la wenzo, yaani bolti ndefu inayoushika kati ya nguzo mbili, liwe sm 175 juu ya sakafu. Toboa mti kwenye egemeo, na tena sm 45 kutoka hapo kwa ajili ya vyuma bapa vinavyoshuka hadi katikati ya vile vipande vya 4×2 vya kikandamizio. Mkono wa mvutaji uwe sm 180 kutoka kwenye egemeo. Hiyo ni nne kwa moja. Kwenye vyuma, tundu hadi tundu sm 67. Wenzo ukishuka kutoka nyuzi 30 juu ya usawa hadi nyuzi 30 chini, kikandamizio kinatembea sm 45, yaani kutoka sm 120 hadi sm 75.

Hapa kuna kosa la kawaida. Tundu la sm 45 haliendi wima. Linachora duara na kusogea pembeni sm 6. Kwa hiyo katikati ya sanduku iwe sm 42 kutoka kwenye egemeo, ili lipotoke sm 3 kila upande. Ukiweka 45 kamili, kikandamizio kitakwaruza ukuta wa kushoto na kulalia upande.

Wenzo ukiwa juu, ncha yake iko mita 2.6 hivi. Ning'iniza kamba ya kuuanzia.

Kufunga robota

Kata kamba mbili za katani, kila moja mita 2.6. Kila moja ianze nje ya mlango wa chini, ipite mwanya wa sakafu, ipande mwanya wa nyuma, ncha ining'inie juu ya ukuta. Funga mlango wa chini.

Jaza tabaka za sm 15, pembe kwanza. Shindilia kwa mchi wa kinu kwa kuuegemea, usitwange: majani ndiyo yenye protini, na yakipukutika unabaki na mabua. Sanduku likijaa, funga mlango wa juu, vuta, achia, ongeza hei. Rudia mpaka kikandamizio kifike chini kwa uzito wako wote, kisha nasa wenzo kwa mnyororo kwenye mhimili.

Fungua milango. Ingiza waya mnene wenye ndoana kwenye mwanya wa kikandamizio, nasa kamba kule nyuma, ivute mbele. Piga kitanzi ncha moja, pitisha nyingine, vuta kwa nguvu zote, kaza. Robota hutoka na kilo 15 hadi 18.

Likitoka jepesi, tabaka zilikuwa nene au pembe tupu. Likipinda kama ndizi, kamba moja imelegea. Kamba ikikatika, tafuta kingo kali za mwanya uzipige msasa.

Ukavu

Nyasi ya Boma Rhodes hukatwa ikiwa imechanua nusu, na jua zuri huikausha kwa siku mbili au tatu. Pima hivi: katakata konzi ya hei, itie kwenye chupa kavu ya glasi pamoja na kijiko cha chumvi ya mawe iliyokauka, tikisa dakika mbili. Chumvi ikishikana, unyevu umezidi asilimia 15. Geuza hei, subiri. Kadiri robota linavyobanwa, ndivyo unyevu unavyokosa pa kutokea: ukungu huingia, joto hupanda, na banda zima laweza kuungua.

Panga marobota juu ya chaga, mbali na ukuta. Kwa wiki mbili za mwanzo ingiza mkono katikati ya rundo kila siku. Ukikuta joto au harufu ya tumbaku, toa marobota nje na uyafungue siku hiyohiyo.