Kugeuza nambari za desimali kuwa nambari kamili bila kufurika

Chukua karafuu kavu kilo 1,534, na bei tuseme shilingi 14,000 kwa kilo. Jumla ni shilingi 21,476,000. Programu ya kituo cha kununulia inaweka fedha kwa senti, kwa hiyo inazidisha kwa 100, inapata 2,147,600,000, halafu inaitia nambari hiyo, ambayo bado ni ya desimali, kwenye kigeu cha aina ya `int32_t`, yaani nambari kamili ya biti 32. Mwisho wa kigeu hicho ni 2,147,483,647, kwa hiyo thamani inafurika, yaani inazidi nafasi iliyopo. Ikiwa programu imeandikwa kwa C, kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel au AMD risiti kwa kawaida itatoka na −21,474,836.48. Kwenye simu yenye prosesa ya ARM, msimbo ule ule na mzigo ule ule, itatoka 21,474,836.47. Mkulima kapunjwa shilingi 1,163 na senti 53.

Jibu la pili ndilo la hatari. Jumla hasi karani ataiona papo hapo na kusimamisha kazi, lakini upungufu wa shilingi elfu moja na kitu ndani ya milioni ishirini na moja hupita bila ya mtu kuuliza. Na mzigo wa tani tatu, ambao ni shilingi milioni 42, nao utaandikwa 21,474,836.47 hiyo hiyo.

Tofauti ya mashine mbili si hitilafu ya prosesa. Kanuni za C na C++ zinasema kwamba ukigeuza nambari ya desimali ambayo sehemu yake kamili haiingii kwenye aina unayoitaka, matokeo hayana dhamana yoyote. Intel na AMD hurudisha nambari hasi ya mwisho kabisa. ARM huibana kwenye ukingo, yaani huirudisha kwenye mwisho wa kigeu ulio karibu nayo. Kompaila nayo, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikiwa inaijua thamani mapema, inaweza kutoa kitu chengine kabisa. Kwa hiyo kujaribu kwenye mashine yako na kuona jibu linafaa hakuthibitishi kitu. Ukaguzi lazima ufanywe kabla ya kugeuza, kwa sababu baada ya kugeuza hakuna tena cha kukagua: −2,147,483,648 inaweza kuwa jibu halali na inaweza kuwa takataka, na huna njia ya kuzitenganisha.

Mpangilio wa kazi

Kadiria kwanza, yaani ipeleke kwenye nambari kamili iliyo karibu, kagua mipaka, kisha geuza. Kwa biti 64 msimbo wa C ni huu:

```c
#include <math.h>
#include <stdint.h>
#include <stdbool.h>

bool geuza_i64(double x, int64_t *jibu)
{
    x = round(x);
    if (!(x >= -0x1p63 && x < 0x1p63))
        return false;
    *jibu = (int64_t)x;
    return true;
}
```

Mistari ni michache, lakini kila alama ina sababu yake, na mtu akiibadilisha kidogo tu ulinzi unaondoka.

Anza na mpaka wa juu. `0x1p63` ni 2 kwa kipeo cha 63, yaani 9,223,372,036,854,775,808. Wengi huandika `x <= INT64_MAX`, na kwa macho inaonekana sawa. Si sawa. `INT64_MAX` ni 9,223,372,036,854,775,807, nambari inayohitaji biti 63 kuandikwa kamili, na `double`, aina ya kawaida ya nambari za desimali, ina biti 53 tu za tarakimu. Kompaila inapoigeuza kuwa `double` ili iilinganishe na x, inaipandisha hadi 9,223,372,036,854,775,808. Hapo x ikiwa ni nambari hiyo hiyo, sharti linapita, na kugeuza kunafurika. Dawa ni kutumia kipeo cha 2, ambacho `double` hukibeba bila kupoteza kitu, pamoja na alama ya "ndogo kuliko" isiyo na usawa. `double` kubwa kabisa iliyo chini ya mpaka huo ni 9,223,372,036,854,774,784, pungufu kwa 1,024, kwa hiyo hakuna thamani halali inayokataliwa.

Kwa `int32_t` kutoka `double` mtego huu haupo, kwa sababu nambari zote za biti 32 zinaingia kamili ndani ya biti 53. Unarudi pale unapotumia `float`, aina ndogo ya desimali. Hiyo ina biti 24 tu, na 2,147,483,647 ndani yake inakuwa 2,147,483,648. Andika `x < 0x1p31f` usiwaze zaidi.

Mpaka wa chini, −2 kwa kipeo cha 63, ni thamani halali, ndiyo maana pale pana usawa.

Sasa ile alama ya kukanusha iliyo mbele ya mabano. Kuna thamani inayoitwa NaN, isiyokuwa nambari. Huzaliwa, kwa mfano, programu inapotafuta wastani wa vipimo vya mizani na hakuna kipimo hata kimoja kilichofika: sifuri kugawa kwa sifuri. NaN ikilinganishwa na chochote kwa "kubwa" au "ndogo", jibu ni si kweli. Ukiandika `if (x < chini || x >= juu) return false;` NaN itapenya, maana masharti yote mawili ni si kweli. Uliza kama x imo ndani, kisha kanusha. NaN itakataliwa pamoja na zile zisizo na kikomo. Ulinzi huu unaweza kufutwa na kompaila ukiwasha `-ffast-math`, kwa sababu chaguo hilo linaiambia kompaila kwamba NaN haipo duniani. Faili lenye fanksheni hii likusanye (compile) bila ya chaguo hilo.

Kukadiria kunatangulia ukaguzi kwa sababu 2,147,483,647.6 iko chini ya mpaka wa biti 32, lakini ikishakadiriwa inakuwa 2,147,483,648 na imeshatoka nje.

Kukata au kukadiria

Kugeuza kwa `(int64_t)` hukata desimali, hakukadirii. Chumba cha wageni cha dola 19.99 ukikizidisha kwa 100 kinatoa 1998.9999999999998, na kukata kunakupa senti 1,998. Senti moja imepotea kila mgeni anapolipa. Tumia `round`. Usitumie `floor(x + 0.5)`: kwa 0.49999999999999994 inatoa 1 badala ya 0, kwa sababu kujumlisha kwenyewe kunapandisha. Zipo pia `lround` na `llround`, lakini thamani ikiwa nje ya mipaka nazo hazitoi dhamana, na aina ya `long` kwenye Windows ni ya biti 32 hata mashine ikiwa ya biti 64.

Kuna kazi ambazo kukata na kukadiria zote hazifai. Sisi wa Unguja na Pemba tuko kusini mwa Ikweta, latitudo zetu zote ni hasi. Ukigawa ramani kwa miraba ya digrii moja na ukakata −5.73 ya Nungwi, unapata −5, yaani mstari wa kaskazini yake, ukikata 5.73 ya upande wa pili wa Ikweta unapata mstari wa kusini yake. Miraba miwili ya katikati, ya −0.9 na ya 0.9, inaangukia sifuri moja. Hapa `floor` ndiyo sahihi.

Nambari hasi kwenye aina isiyo na alama

Hili linastahili kuangaliwa kwa karibu na yeyote anayetengeneza programu za vyombo vya baharini. Ni kawaida kuhifadhi latitudo na longitudo kwa kuzidisha kwa 10,000,000. Digrii 180 zinakuwa 1,800,000,000, zinaingia vizuri kwenye `int32_t`. Lakini mtu akichagua `uint32_t`, aina isiyo na alama, yaani isiyobeba nambari hasi, Nungwi inakuwa −57,300,000 na hapo tena hakuna dhamana. Kwenye kompyuta ya mezani ya biti 64 mara nyingi utapata 4,237,667,296, ambayo ukiirudisha kuwa yenye alama inakuwa −57,300,000 tena, kwa hiyo kosa linajificha na majaribio yote yanapita. Kwenye simu ya ARM unapata 0. Ngalawa iliyo mbele ya Nungwi, longitudo 39.30, itachorwa juu ya Ikweta, nchi kavu ndani ya Kenya, kaskazini-magharibi mwa mji wa Garissa. Mipaka ya `uint32_t` baada ya kukadiria ni `x >= 0` na `x < 0x1p32`. Kwa viwianishi vya Unguja na Pemba, tumia aina yenye alama.

Vifaa vidogo

Anayeunda mizani kwa Arduino Uno, bodi ndogo ya kielektroniki, ya toleo la R3 au la kabla yake, akumbuke kwamba `int` pale ni ya biti 16 na mwisho wake ni 32,767. Ukipima kwa gramu, gunia linafurika likivuka kilo 32.767, na gunia la kilo 50 ni gramu 50,000. Isitoshe, `double` ya kifaa hicho ni `float` tu kwa jina jengine. Andika `int32_t` kwa ukamilifu wake, usiiachie `int`.

Kugeuza kwa aina hii hii, nambari ya desimali ya biti 64 kwenda nambari kamili ya biti 16, ndiko kulikoangusha roketi ya Ariane 5 iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 4 Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kuondoka. Msimbo ulirithiwa kutoka Ariane 4, ambako thamani hazikuwahi kufika mbali hivyo. Vigeu saba vilijulikana kuwa na hatari. Vinne vililindwa, vitatu vikaachwa.

Lugha nyengine

Java na Kotlin hubana kwenye ukingo, na NaN inakuwa 0. Ni tabia inayotabirika, ila fedha zitapungua kimya kimya kama kwenye ile risiti ya ARM. Tena Java ikigeuza kwenda `short` hupitia `int` kwanza: `(short)40000.0` ni −25536. Rust tangu toleo la 1.45 la mwaka 2020 nayo hubana. Python haifuriki, na `int()` yake hutoa kosa ikipewa NaN au isiyo na kikomo, lakini safu za NumPy, maktaba yake ya hesabu, za biti 32 au 64 zinarudi kwenye tabia ya C. Kwa JavaScript epuka `x | 0`: huzungusha kwenye biti 32, na 2147600000 inakuwa −2147367296. Tumia `Math.round` ikifuatiwa na `Number.isSafeInteger`. PHP haitoi dhamana kwa thamani iliyo nje ya mipaka, kwa hiyo kagua mwenyewe.

Ukaguzi ukishindwa

Fanksheni irudishe kushindwa kwa njia yake, isirudishe 0 wala −1, maana hizo ni nambari halali. Kwa kipimo cha joto au kasi ya upepo, kubana kwenye ukingo na kuweka alama kwamba kipimo kimebanwa kunatosha. Kwa fedha, kataa muamala, andika kwenye kumbukumbu thamani ya asili, na mwambie karani. Kubana fedha ni kumnyima mtu haki yake.

Kwa fedha, njia iliyo bora kuliko zote ni kutoingiza desimali kabisa. Soma mizani kwa gramu, 1,534,000, zidisha kwa bei, 14,000, ndani ya `int64_t`, unapata 21,476,000,000, gawa kwa 1,000. Hakuna cha kukadiria isipokuwa mabaki ya mgao, na hata nafasi ya senti, ambazo sokoni hakuna anayezitoa, huihitaji.

Majaribio

Kusanya kwa kompaila ya GCC ukiwa na `-Wfloat-conversion`, itakuonyesha kila mahali desimali inapogeuzwa bila ya wewe kuandika. Kwa majaribio ongeza `-fsanitize=float-cast-overflow`; GCC haiiwashi kwa `-fsanitize=undefined` peke yake, lazima uiandike. Kisha ipe fanksheni yako thamani hizi: 0.0, −0.0, 0.49999999999999994, 2.5, −2.5, 2147483647.6, 9223372036854774784.0 ambayo lazima ikubaliwe, 9223372036854775808.0 ambayo lazima ikataliwe, −9223372036854775808.0 ambayo lazima ikubaliwe, 1e300, NaN, na isiyo na kikomo kwa alama zote mbili. Ziendeshe kwenye Intel na kwenye ARM. Majibu yakitofautiana hata kwa moja, kuna mahali pengine ndani ya programu panapogeuza bila kupitia fanksheni hii.