Muzee akifa: namna ya kuandika bintu bya nyumba mbele kilio kiishe

Wandugu, hii naandika juu ya familia zetu za kijijini, Kabare, Walungu, Idjwi, kokote kwenye muzee anaweza kufa bila kuacha testama. Sisi wakati baba alikufa tulitoka Bukavu tukaenda kuzika, tukalia, batu bakaenda kwabo, njo kuona mashini ya mama ya kushona haiko, sufuria kubwa mbili haziko, na kila mutu anasema hajui. Hakuna mwenye alikuwa ameandika kitu. Inaniuma mpaka leo.

Sasa fanya hivi. Kisha mazishi, mbele batu batawanyike, uza kaye moja na biki. Chagua batu: mutoto mumoja wa marehemu, mumoja upande wa baba, mumoja upande wa mama, na jirani wawili wenye hawariti kitu. Hao jirani usibaache, bao njo nguvu ya ile kaye. Hii mambo si ya leo, kule Uingereza sheria ya mwaka 1529 ilikuwa inadai bintu bya marehemu biandikwe mbele ya batu wawili ao zaidi, na mu bijiji mara mingi ni jirani balikuwa banakuya, banapita chumba kwa chumba, banahesabu kitanda, mashuka, chungu cha shaba, ng'ombe, ngano ya gala, hata mbolea ya kiwanja, na kila kitu banaweka bei yake pembeni.

Na nyie mupite hivyo hivyo: anza salon, kisha bilalo, jikoni, gala, mwisho inje. Usiandike tu "sufuria 4". Andika "sufuria kubwa ya aluminiumu, mfuniko hauko, mama aliuza na franka za sombe". Kila kitu iwe na namba, hali yake, na nani aliiuza ao alipewa na nani, pia piga foto. Mbuzi na ng'ombe muende kuona na macho, hata ile ng'ombe yenye baba alimupa mutu mwingine amuchungie, andika iko kwa nani. Simu yake na kadi za simu muweke pamoja mbele ya bote, juu kunaweza kuwa pesa ya M-Pesa ao Airtel Money ndani. Kisha madeni, pande zote mbili: nani anamudai, yeye anadai nani, na likelemba, ile batu banachangaka pesa kila mutu anapokea kwa zamu yake, kama alikuwa anacheza.

Hapa nisikilizeni muzuri. Bintu bya mama bikae ku ukurasa yake. Zamani kule Uingereza mwanamuke akiolewa sufuria yake ilikuwa inageuka ya bwana, na bwana akifa inaandikwa ku mali ya bwana, na kwetu kuko familia zinafanya vile vile mpaka sasa, shemeki anabeba hata kitenge. Sheria yetu haisemi hivyo. Kodi ya familia, ni kusema kitabu cha sheria ya familia ya Congo, ya 1987, yenye ilirudiwa 2016, inapatia watoto 3/4 ya uriti, mabinti sawa na vijana, hata mutoto wa inje kama baba alimutambua. Ile 1/4 inabakia kwa mujane, wazazi na ndugu za marehemu. Lakini mbele ya kugawa, kama balikuwa bameoana bila kuchagua mupango mwingine wa mali, nusu ya bile balipata pamoja mu ndoa ni ya mama tayari, haingie mu uriti. Na ile nyumba balikuwa banaishi, mama ana haki ya kubakia ndani.

Shamba andika mbali kabisa, usichanganye na meza na biti. Kama ni ya kalinzi, ni kusema ile yenye mutu anapata kwa kutoa ng'ombe kwa mwami ao shefu, andika ng'ombe ngapi zilitolewa, kwa nani, mwaka gani, mashahidi bako wazima ao bamekufa, mipaka ni muti gani, mutoni gani. Kama ni ya bwasa haiko ya familia, ni ya kulima kwa wakati tu, museme ukweli.

Ku mwisho mutu mumoja asome kaye yote kwa sauti mbele ya bote, mwenye kupinga apinge pale pale na iandikwe. Bote batie sinyatire, mwenye hajui kuandika atie kidole, shefu wa lokalite apige kashe. Muandike kaye tatu za sawasawa: moja kwa mama, moja kwa upande wa baba, moja kwa binti mwenye anaishi mujini, na foto za kurasa zote muzitume mu grupu ya WhatsApp ya familia siku ile ile, mbele ya kulala.