Notisi ya wakili ikikufikia kwa sababu ya nembo yako, usitie saini siku hiyo

Nafungasha asali Singida, na lebo yangu ina picha ya mbuyu. Mwaka juzi niliitwa kupokea bahasha nene: wakili wa kampuni kubwa ya sabuni anadai mbuyu ni wa mteja wake. Ndani ya siku saba niache kuutumia, niteketeze lebo zote, niwalipe na gharama. Nyuma kulikuwa na hati ya ahadi iliyokwisha kuandikwa, imebaki saini yangu tu. Kalamu nilishaishika. Ndugu yangu, usisaini.

Kwanza andika tarehe ya kupokea juu ya bahasha yenyewe. Siku saba hizo kazipanga wakili wao, si mahakama. Hata hivyo usinyamaze: jibu kwa maandishi kwamba umeipata, usikiri lolote, wala usipige simu kujieleza.

Kisha waombe namba ya usajili wa alama yao ya biashara. Hapo ndipo vitisho vingi hulegea. Ipeleke BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, uone alama ni ya nani, kama bado iko hai (Tanzania Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi), na iko daraja gani. Bidhaa na huduma zimegawanywa madaraja 45. Sabuni ni la 3, asali ni la 30. Yao ilikuwa la 3 peke yake. Hilo tu halimalizi ugomvi, lakini linaleta swali zito: nani aendaye kununua asali atarudi na sabuni?

Kusanya ushahidi kwamba ulianza zamani. Mimi kilichonisaidia ni risiti ya mchapaji ya 2016, ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari la madeni.

Na ukubwa wao usikutishe. McDonald's iliibana Supermac's, migahawa ya Ireland, kwa sababu ya jina. Supermac's nao wakaomba usajili wa Big Mac, jina la sandwichi ya McDonald's, ufutwe. Juni 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua McDonald's haikuthibitisha kuitumia alama hiyo kwa sandwichi za kuku kwa miaka 5 mfululizo.

Ila ikija samansi ya mahakama, nenda kwa wakili siku hiyohiyo. Hiyo si barua tena.

Mimi nilimlipa wakili barua moja tu, ukurasa mmoja, nakala ya risiti ikiambatanishwa. Hawakujibu. Nikaomba usajili wangu daraja la 30, ukatangazwa, nikazihesabu siku 60 za pingamizi kwenye kalenda ya ukutani. Hakuja mtu.